Mama Careen na Tumbo la Kuazima

Gaudiosa aliijua Guangzhou kwa vyoo vyake. Wenzake walimwelekeza mgeni kwa majengo na vituo vya metro, yeye alisema, "Ukifika jengo la viatu, lile lenye choo safi ghorofa ya pili, hapo hapo kata kushoto." Mtaa mzima wa Sanyuanli ulikaa kichwani mwake hivyo: wapi maji yanatoka, wapi mlango haufungi, wapi mama wa usafi anakufukuza na fagio mkononi. Si kwamba alipenda kujua. Tumbo ndilo lililompeleka shule.

Alikuwa mtu wa Bukoba mwenye duka la mikoba Mwanza, na kwa sababu ya binti yake wa pekee watu wote walimwita Mama Careen. Mwanamke wa mwili na sauti, na ulimi wa kumenyea viazi. Alianza safari za China wakati wanawake wa kwetu huko ni wa kutafuta kwa tochi, na alipoona kwenda na kurudi kunamchosha akapanga chumba Sanyuanli, akawa mwenyeji wa wanaokuja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanawake wa Mwanza, Kahama na Musoma walikuja kununua mikoba, na mikoba iko Shiling, mji wa ngozi huko Huadu. Walikodi basi dogo, wakapanda wote, na kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva, kikawa cha kiongozi wa msafara. Usidhani kiti kile ni cha kutazamia njia. Anayekikalia ndiye anashuka wa kwanza. Ndiye ambaye laoban, yaani tajiri mwenye kiwanda, anamshika mkono, na ndiye anayefunguliwa stoo ya mitindo ambayo bado haijaonwa na mtu. Wageni wakishaona hayo wanamfuata huyo, na mwakani wanamtafuta huyo huyo. Ukikosa kiti umekosa watu, na ukikosa watu Guangzhou, funga sanduku urudi kwenu.

Miaka mingi kiti kilikuwa cha Gaudiosa. Kisha tumbo likamgeuka.

Lilimsokota, likavimba kama puto la harusi, likataka kufunguliwa hapo hapo, uwe sokoni au kanisani. Wiki moja linaendesha, wiki ya pili limefunga kama duka la mtu aliyefiwa. Na barabara ya Huadu miaka ile, kila mahali wanajenga, malori yamepangana mpaka macho yanaishia. Siku moja alimsimamisha dereva chini ya daraja lisiloisha, akakimbilia nyuma ya mabomba ya zege, wenzake wakamkingia vitenge. Safari iliyofuata, yale yale. Ya tatu walifika Shiling stoo zimeshafungwa, wakarudi mikono mitupu.

"Mama Careen, tunakupenda," mmoja akasema ndani ya basi. "Lakini tumekuja China kununua mikoba, hatukuja kukushikia vitenge."

Aliyesema alikuwa Dainess.

Huyu Dainess alikuwa mtu wa Mbeya, mwembamba kama mshumaa, mlokole wa kufunga na kukesha. Tangu aokoke hajawahi kumeza kidonge, hata cha kichwa. Akiumwa anapiga magoti, basi. Na tumbo lake lilikuwa la chuma. Chaza, miguu ya kuku, uyoga mweusi unaotetemeka kama sikio la mtu aliyeogopa, vyote vilishuka na Dainess akalala fofofo. Safari iliyofuata Gaudiosa alikuta mkoba wa Biblia umekaa kwenye kiti cha mbele, na mwenye mkoba anamwangalia kwa huruma ya kikristo.

"Pole, dada. Kaa nyuma karibu na mlango. Kwa usalama wa wote."

Gaudiosa alikaa nyuma, akautazama mgongo wa Dainess mpaka Shiling. Wenye viwanda walimsalimia Dainess. Yeye walimwuliza kama ameshapona.

Hospitali alizunguka, wakamtundikia chupa za maji, wakampiga picha, wakapima kila kinachotoka mwilini. Jibu likawa lile lile la dukani mzigo ukiisha: meiyou, hakuna. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna mdudu. Ugonjwa usio na jina unauma mara mbili, maana kila mtu anadhani unajidekeza.

Aliyempatia daktari wa maana ni mdogo wake, Respicius, mtoto wa mama yake kabisa. Alikuwa chuo kikuu humo humo mjini kwa ufadhili wa serikali, akisomea shahada ya pili ya ujenzi wa madaraja. Mtu mzima mwenye miwani, mpole kupita kiasi. Kichina kilimtoka kama mtu aliyezaliwa sokoni. Akampeleka kwa Daktari Liang, mama mfupi mwenye nywele za mvi, ambaye alimsikiliza bila kutazama saa.

"Anasema utumbo wako hauna kidonda. Una hasira," Respicius akatafsiri. "Unakasirika upesi."

"Hasira! Mimi nimenyang'anywa kiti nimenyamaza, halafu wenye hasira ni utumbo?"

"Anauliza unatumia dawa gani, dada."

Hapo Gaudiosa akafungua mkoba kwa fahari na kumwaga mezani vidonge vyake: rangi mbili, zile kapsuli nusu nyekundu nusu nyeusi. Hakuna mfanyabiashara wa kwetu asiyezijua. Unameza moja kabla ya ndege, moja baada ya chakula usichokielewa, moja kwa sababu jirani yako ametapika. Gaudiosa alizibeba kutoka Mwanza kama mtu anavyobeba chumvi, na alikuwa hajapitisha wiki bila kuzimeza tangu akanyage China.

Daktari Liang alishika kichwa, kisha akaeleza polepole, Respicius akifuata nyuma. Ndani ya utumbo wanaishi vijidudu wasioonekana, wengi kuliko watu wa mji huu, nao ndio wanaosaga chakula na kulinda nyumba. Dawa hizi zinaua wabaya na wema bila kuuliza jina. Hawezi kuapa kwamba ndizo zilizoleta shida yote, ila utumbo wa dada huyu umebaki ukiwa. Na iko njia ya kuwarudisha vijidudu, ila wanaoijaribu bado ni wachache: kuchukua choo cha mtu mwenye tumbo zima, kukipima, kukikoroga na maji ya chumvi, kukichuja, na kukiingiza kwa mrija upande wa nyuma.

Respicius alitafsiri sentensi ya mwisho akitazama ukuta.

"Hebu rudia," Gaudiosa akasema.

"Dada, umesikia."

"Nitakunywa?"

"Anasema Wachina wa kale walikunywa kama supu. Yeye atatumia mrija."

"Namshukuru sana kwa mrija." Gaudiosa alikaa akafikiri. Wengi wangebeba mkoba na kuondoka. Lakini yeye alilelewa katika kibanja cha migomba, na aliona ardhi ya mama yake ikichoka, ndizi zikitoka kama vidole vya mtoto, mpaka mama akaenda kuomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe. Mwaka haukuisha mikungu ikainamisha migomba.

"Respi, mwambie nimeelewa. Ni samadi. Kibanja changu kimekufa na mimi sina ng'ombe."

Daktari alipotafsiriwa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akawa mkali: hili ni jaribio, kwa ugonjwa kama wake yeye mwenyewe hajui litashika au halitashika. Akaonya kwamba si jambo la kufanyia nyumbani, na mtoaji asiyepimwa anaweza kukupa ugonjwa badala ya uzima.

Gaudiosa akasaini. Mwezi wa kumi na moja lilikuwa linakuja kundi la wanunuzi wa mikoba ya Krismasi, kundi kubwa kuliko yote, wengi wao wageni. Atakayewaongoza mara hiyo atakuwa nao miaka. Akikaa nyuma karibu na mlango, hana sababu ya kulipia chumba Sanyuanli.

Mtoaji alikuwa wazi: Respicius. Kijana safi, hanywi, havuti. Akapimwa damu, akapimwa choo, kila kitu sawa. Siku iliyopangwa alifika hospitali na shati lililopigwa pasi, kama mtu anayepeleka posa. Daktari Liang akamwuliza la mwisho: wiki hii umetumia dawa yoyote?

Respicius akajibu kwa Kichina, akitabasamu. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kuna nini?" Gaudiosa akauliza, maana sura ya daktari ilikuwa imebadilika.

"Nimemwambia nimejiandaa," Respicius akasema. "Tangu Jumatatu nameza rangi mbili asubuhi na jioni. Nilichukua kwenye kopo lako."

"Za nini?"

"Za kusafisha, dada. Wewe ni dada yangu mkubwa. Ulinibeba mgongoni. Ningewezaje kukupa kitu hivi hivi, kichafu?"

Gaudiosa alimtazama huyu msomi wa madaraja. "Respi. Umeyaosha mavi."

"Kwa heshima..."

"Nimeomba samadi, wewe umechoma ng'ombe moto!"

Nesi alitoka nje kwenda kucheka. Daktari Liang akaeleza kwamba kijana ameua kile kile walichokuwa wanakitafuta, na sasa itabidi angoje miezi. Miezi! Novemba ilikuwa mlangoni. Respicius akataka kulia. Gaudiosa akampiga bega, maana kosa lile lilikuwa la upendo. Na tena, ni nani mwingine wa kutumika? Aliwapitisha kichwani watu wote anaowajua Sanyuanli na barabara ya Huanshi Zhonglu, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na kopo la rangi mbili kwenye mkoba.

Wote, isipokuwa mmoja.

"Muulize daktari," akasema, na maneno yalimtoka kama jino bovu, "kama mtu hajameza kidonge miaka na miaka, anafaa?"

Macho ya daktari yakang'aa. Ya Gaudiosa yakajaa machozi.

Alimkuta Dainess mchana kwenye mkahawa wa Huanshi Zhonglu, ameinamia sahani ya konokono, anawanyonya mmoja mmoja. Gaudiosa akavuta kiti.

"Bwana asifiwe, Mama Careen. Karibu konokono."

"Sikuja kula. Nina shida na wewe."

"Sema, dada. Sala?"

"Mavi yako."

Konokono alitoka mdomoni akarudi sahanini. Gaudiosa akaeleza yote bila kuzunguka, kibanja, samadi, mrija, na Respicius aliyeyaosha. Alipofika kwa Respicius, Dainess alikuwa amelala mezani anapiga meza kwa kiganja, mpaka mhudumu akaja kuangalia kama amepaliwa.

"Yesu wangu," akasema akijifuta macho. "Miaka yote mnanicheka, Dainess mshamba, Dainess hamezi dawa. Leo nanyenyekewa hadi chooni!"

"Cheka umalize."

"Nimalize? Hii nitacheka mpaka unyakuo." Kisha akakaa sawa. Hakuwa mjinga. "Ukipona utakitaka kiti changu."

"Nitakitaka."

"Hata aibu huna. Na bado unaniomba?"

"Bado nakuomba. Ningeweza kukudanganya, ila tumbo lako lingeingia kwangu likanisema."

Dainess akachukua konokono mwingine, akamnyonya taratibu, akaweka gamba lake kando. "Unajua wanasemaje huko nyuma ya basi? Wanasema Dainess hakukipata kiti. Kiliachwa wazi na mharaji, yeye akakikalia. Hata laoban wa mikoba ya rangi anauliza, yule mnene yuko wapi, yeye ndiye anajua ngozi." Akasukuma sahani. "Mimi sitaki kiti cha kuachiwa. Pona, halafu tushindane. Siku ya kundi la Krismasi, atakayelisimamisha basi njiani, awe mimi, awe wewe, amekosa kiti."

"Nimekubali. Na imani yako? Si unasema hutumii dawa?"

"Kumeza ndiyo nimekataa. Kutoa nimekatazwa wapi?"

Vipimo vya Dainess vilitoka safi mpaka daktari akarudia kuvisoma kwa raha. Siku yenyewe aliingia chooni hospitalini na kopo la plastiki mkononi akiimba pambio, na akatoka akiimba ubeti wa pili, amelishika kopo kwa mikono miwili kama sadaka ya mavuno. Akapita nalo mbele ya Gaudiosa aliyekuwa amelala kitandani, tumbo limesafishwa, njaa inamuuma.

"Mama Careen, nusa baraka."

"Peleka huko! Hata harufu yake ina majivuno."

Wakampa dawa ya usingizi. Alipoamka kazi ilikuwa imekwisha, na Respicius alikuwa amekaa pembeni ameshika kopo la dada yake la rangi mbili. "Daktari amesema nilitupe mbele yako," akasema. Akalimimina lote kwenye mfuko wa taka wa hospitali, na Gaudiosa akaona kama anazikwa ndugu.

Usidhani alipona siku hiyo. Siku za mwanzo tumbo lilinguruma kama wapangaji wapya wanaogombania vyumba. Gesi, msokoto, jasho. Alimpigia Dainess simu akamwambia, "Tumbo lako lina fujo kama mwenyewe." Akamwambia Respicius afunge virago, wanarudi Bukoba, amekuja ugenini kutiwa mavi bure. Mwezi wa kumi ulikatika hivyo, na daktari akamwambia neno moja tu: ngoja.

Kisha asubuhi moja alikunywa uji, akaosha kikombe, akatandika kitanda, akapiga simu dukani Mwanza akamgombeza msichana wa kuuza, na katikati ya kugombeza akashtuka. Tumbo lilikuwa kimya. Halikuwa limefunga, halikuwa linaendesha. Lilikuwa kimya kama tumbo la mtu. Siku iliyofuata likawa hivyo. Na iliyofuata.

Hakuamini maneno, hata ya tumbo lake mwenyewe. Akala bakuli la tambi zenye pilipili, akapanda metro hapo Sanyuanli inapoanzia, akaenda mpaka mwisho wa reli upande wa pili wa mji, akakaa pale pale kwenye kiti, akarudi. Akafanya hivyo tena. Alipita chini ya mji mzima, chini ya vyoo vyote alivyovijua kwa jina, wala hakukiwaza hata kimoja. Mara ya pili alikuwa anatabasamu peke yake mpaka mzee wa Kichina akahama kiti.

Kundi la Krismasi likafika. Asubuhi ya safari Dainess ndiye alikuwa kiongozi kama kawaida, Biblia magotini, wageni wamemzunguka mkahawani kabla ya kupanda. Na hapo kiburi kikamponza. Akaagiza bakuli la utumbo wa nguruwe wenye pilipili nyekundu asubuhi hiyo hiyo, akalinyanyua juu.

"Tazameni, wanangu! Hili ndilo tumbo linalolisha watu wawili. Mama Careen yule pale anatembea na la kwangu!"

Wakacheka. Gaudiosa naye akacheka, akanywa uji wake, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango.

Njia ilikuwa nzuri mpaka nusu. Kisha basi likasimama. Mbele malori, nyuma malori, jua limesimama juu ya bati. Watu wakaanza kujipepea. Gaudiosa akasikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza mtoto chumba cha pili. Amelala. Mbele, mgongo ule aliouzoea ulikuwa umenyooka mno. Kisha ukapinda. Kisha ukanyooka tena. Dainess akaanza pambio kwa sauti ndogo, akalikatisha katikati.

"Dada Dainess, vipi?" akauliza mgeni mmoja wa Kahama, Natalia.

"Ninaomba."

Akaomba kwa muda mrefu. Mwisho akageuka, uso umelowa, akamtafuta Gaudiosa juu ya vichwa vya watu wote. Gaudiosa alikuwa anaijua sura ile, aliivaa miaka.

Angeweza kukaa akatazama. Badala yake alisimama, akachomoa kitenge, akamwambia dereva kwa Kichina cha sokoni afungue mlango, akamshika Dainess kiwiko na kumshusha. Nyuma ya mabomba ya zege palikuwa pale pale, chini ya daraja lile lile ambalo sasa lilikuwa limekwisha. Akamkingia kitenge akiwa amegeukia barabara.

"Usimwambie mtu kwamba nimelia," sauti ya Dainess ikatoka huko nyuma.

"Lia. Hapa nimelia mimi kabla yako."

Waliporudi, malori yalikuwa yameanza kusogea. Dainess alipanda, akakitazama kiti cha mbele, akachukua Biblia yake, akapita mpaka nyuma karibu na mlango, akakaa. Gaudiosa akaketi mbele, akavuta mkanda, akamwambia dereva, "Twende."

Shiling alishuka wa kwanza. Laoban wa mikoba ya rangi alimwona tangu mbali, akamjia amekunjua mikono, anapiga kelele kwamba yule mnene amerudi. Stoo mpya, ambayo Gaudiosa hajawahi kuingia, ikafunguliwa. Gaudiosa akaingia, akakunja ngozi, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha, akatupa ya bandia huku na ya kweli huku, na wageni wakimfuata kama vifaranga. Nyuma yao akaja Dainess, amenawa uso, nguvu zimerudi, ulimi pia.

"Mwambieni hilo tumbo analoringia ni la kwangu!"

"Ni lako," Gaudiosa akajibu bila kugeuka, mkono ndani ya mkoba mwekundu. "Ila mimi nimelilea vizuri. Njoo ushike huku, acha kelele."

Dainess akaja, akashika. Walichagua pamoja mpaka taa zikawashwa. Natalia wa Kahama, aliyekuwa amevumilia tangu mchana kwa aibu ya ugeni, akamsogelea kiongozi wake na kumnong'oneza sikioni.

"Samahani, Mama Careen. Choo cha hapa kiko wapi?"

Gaudiosa akafungua mdomo kujibu, kama alivyojibu miaka yote. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaangua kicheko kikubwa mpaka laoban akatoka ofisini kuuliza kuna nini, maana Gaudiosa mwenyewe, tangu afike, kutwa nzima, hakuwa ameulizia choo.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi sijui."